Siku Nne Matema

Nimerejea Mbeya baada ya mapumziko ya siku nne Matema, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na bado nayasikia mawimbi kila ninapofumba macho. Tuliondoka jijini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, tukiwa tumevaa masweta, tukapita Tukuyu penye chai na migomba, na tulipofika ziwani, ambako mwinuko haufiki hata mita 500, joto lilitufanya tuvue viatu na kukanyaga mchanga mara moja. Milima ya Livingstone huinuka papo hapo kando ya maji, na jioni hupata rangi ambayo sijaiona kwingine. Hapana kelele za magari. Kuna mitumbwi, usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa juani, na harufu ya mchele wa Kyela ukiiva.

Jumamosi tulitembea hadi sokoni Lyulilo, ambako vyungu vinavyofinyangwa na wanawake wa Kikisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nilichagua viwili (ningechukua kumi kama ningeweza kuvibeba), na jana mama amepikia maharage katika kimoja.