Mwezi unachomoza saa ngapi leo? Hesabu ya kichwani na mahali inapoteleza

Ukijua umri wa mwezi, umeshajua saa zake. Na saa ya Kiswahili inarahisisha kazi, kwa sababu huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapotua, na mwezi mchanga huanza safari yake papo hapo, ubavuni mwa jua. Chukua idadi ya siku tangu mwezi ulipopita upande wa jua, zidisha kwa dakika 50. Jibu ni saa ya kuchomoza mchana, na hilo hilo ni saa ya kuzama usiku.

Mwezi wa siku 5: mara 50 ni dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10. Utachomoza kama saa 4:10 asubuhi na kuzama kama saa 4:10 usiku. Wa siku 10 utachomoza saa 8:20 mchana, uzame saa 8:20 usiku. Hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Anayeanza kuhesabu saa zake katikati ya usiku ndiye mwenye kazi ya ziada.

Mwezi ukishapevuka, anza kuhesabu upya kutoka usiku huo. Siku 4 baada ya mwezi mpevu ni dakika 200: unachomoza saa 3:20 usiku na kuzama saa 3:20 asubuhi inayofuata. Siku 11 baada yake unatoka saa 9:10 usiku, na kuzama saa 9:10 alasiri. Sababu ya kuanza upya ni kwamba 50 ni kubwa kidogo. Kutoka kuchomoza hadi kuchomoza ni saa 24 na dakika 50, lakini kwa kila saa 24 kamili za umri nyongeza ni karibu dakika 49 tu. Ukienda na 50 mwezi mzima wa siku 29 na nusu, utamaliza ukiwa umezidisha zaidi ya nusu saa.

Dakika hizo zinatoka wapi? Kila siku mwezi husogea mashariki kama digrii 13 kati ya nyota, jua nalo husogea karibu 1, kwa hiyo mwezi huliacha jua digrii 12. Dunia hujizungusha digrii 1 kwa dakika 4, basi inahitaji dakika 48 za ziada kuufikia. Na wakati inaufukuza, wenyewe haukusimama. Hapo ndipo dakika 2 nyingine zinapoongezeka.

Sehemu ya kwanza ya kukosea ni siku ya kuanzia. "Mwezi mpya" wa kalenda za anga ni dakika ambayo mwezi uko upande mmoja na jua, na hakuna anayeuona. Mwezi mwandamo ni ule uzi mwembamba unaoonekana magharibi jua likishatua. Chini ya saa 15 tangu dakika ile, ni nadra sana jicho tupu kuuona. Ukishapita saa 24 na anga ikiwa safi, kwa kawaida unaonekana. Kwa hiyo anayeanza kuhesabu jioni ya mwandamo aongeze siku moja, au moja na nusu. Asipoongeza, saa zake zote zitakuwa nyuma kwa dakika 50 au zaidi, na atailaumu hesabu bure.

Sasa majedwali ya saa za mwezi kuchomoza na kuzama. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si kwa sababu ya unajimu bali kwa namna jedwali lilivyopangwa: kila mstari ni tarehe moja, kuanzia saa 00:00 hadi 24:00. Mwezi haujali tarehe. Mstari ukisema kuchomoza 20:10 na kuzama 07:30, kule kuzama ni kwa mwezi uliotoka usiku uliotangulia. Mwezi utakaochomoza saa 2:10 usiku leo, kuzama kwake kumeandikwa mstari wa kesho. Soma kushuka chini, usisome kwenda pembeni.

Halafu kuna kistari kinachowekwa mahali pa saa. Kila mwezi, karibu na robo ya mwisho (nusu mwezi unaopungua), kuna tarehe isiyo na saa ya kuchomoza, na karibu na robo ya kwanza (nusu mwezi unaokua) kuna tarehe isiyo na saa ya kuzama. Si kosa la uchapaji. Mwezi umechomoza Jumanne saa 23:40. Ongeza saa 24 na dakika 50, unapata 00:30, ambayo kwa jedwali tayari ni Alhamisi. Jumatano imerukwa. Na 00:30 ya Alhamisi ni usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani saa 6:30 usiku ule ule ambao mtu wa kawaida bado anauita wa Jumatano. Anayetoka nje Alhamisi baada ya chakula cha jioni akiusubiri, amechelewa karibu siku nzima.

Angalia pia jedwali linatumia saa za wapi. Mengi huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Dakika ya mwezi kupevuka ni moja kwa dunia nzima na hugeuzwa kwa kujumlisha au kutoa tofauti ya saa tu. Saa ya kuchomoza si hivyo: ni ya mahali. Hata ndani ya ukanda mmoja wa saa, kila digrii 1 ya longitudo kwenda magharibi huchelewesha mwezi kwa dakika 4 na ushei.

Dakika 50 zenyewe ni wastani. Mwezi ukiwa karibu na dunia, kama kilomita 357,000, hukimbia. Ukiwa mbali, kama kilomita 406,000, hujivuta. Karibu na ikweta, kuchelewa kwa siku hucheza kati ya dakika 40 na 65 hivi. Ukienda mbali na ikweta mambo hubadilika zaidi, kwa kuwa njia ya mwezi hukutana na upeo wa macho kwa mlalo. Katika latitudo ya 40 kaskazini, mwezi mpevu wa Septemba huchelewa chini ya nusu saa tu kila usiku, na ule wa Machi huchelewa zaidi ya saa nzima. Kusini ni kinyume. Huko usitegemee hesabu ya kichwani; tafuta jedwali la mahali penyewe.

Jedwali nalo hudhani una upeo kama wa bahari tulivu, na huhesabu ukingo wa juu wa mwezi unapochungulia. Duara lote hutoka kwa dakika 2 hivi karibu na ikweta. Kama kuna kilima mashariki, nyoosha mkono na ukunje ngumi: upana wake ni kama digrii 10. Kilima cha nusu ngumi kitakuchelewesha dakika 20 pale mwezi unapopanda wima, na zaidi pale unapopanda kwa mlalo.

Kuhusu sura, nashauri uache kanuni ya kulia na kushoto, ile ya kwamba mwezi unaong'aa kulia unakua na unaong'aa kushoto unapungua. Inafanya kazi mbali na ikweta tu, na kusini inageuka. Katika nchi za joto mwezi mchanga hulala kama mtumbwi na hauna kulia wala kushoto. Kinachofaa kila mahali ni hiki: upande unaong'aa hutazama jua. Mwezi ambao tayari uko angani jua linapotua, si ule unaochomoza wakati huo huo, unakua. Unaochomoza usiku ukishaingia unapungua.

Asilimia ya uso wa mwezi unaong'aa nayo haiendi sawa. Karibu na robo hubadilika kama 10 kwa siku, lakini siku moja kabla au baada ya mwezi mpevu bado ni 99, ndiyo maana jicho huona mwezi kamili usiku tatu mfululizo. Nusu mwezi hautoi nusu ya mbalamwezi. Hutoa kama sehemu moja ya kumi, kwani mwanga unaoupiga kutoka ubavuni huacha vivuli vingi vya mashimo na milima.

Anayetaka kuupiga picha ukichomoza asisubiri usiku wenyewe wa mwezi mpevu. Jioni ya kabla yake hutoka kama dakika 30 hadi 60 kabla ya jua kutua, na ardhi bado ina mwanga. Jioni ya baada yake mwezi hutoka giza likishaingia, na kamera italazimika kuchagua: ama uso wa mwezi, ama mandhari.