Jinsi nilivyowatoa marehemu kizuizini

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Nilipewa kutafsiri kutoka Kiingereza maelezo ya makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, nikakutana na interred, nikaandika "waliwekwa kizuizini". Kichwani nilikuwa na interned. Tofauti ni herufi moja, na habari zenyewe ni za vita, basi sikushtuka. Mhariri, mzee mpole, alinirudishia karatasi akaniuliza, "Kijana wangu, hawa wamekwisha kufa. Unawafunga kwa kosa gani?"

Nilipofungua kamusi ya asili za maneno nikaona aibu yangu ilikoanzia. Interred ni in na terra za Kilatini, yaani ndani ya ardhi: kuzikwa. Interned inatoka kwa internus, cha ndani. Zimefanana sura tu.

Nikanunua kauntabuku. Kila ukurasa niliupa kifungu cha herufi, kisha nikayagawa maneno kwa koo zao. Ukurasa wa ter ulinila wiki nzima. Ukoo wa terra, ardhi, una Mediterranean, bahari iliyo katikati ya nchi kavu. Ukoo wa terrere, kutisha, una terrible na deter, yaani kumtia mtu hofu asitende jambo. Wa terminus, mpaka, una terminal, determine na exterminate. Hili la mwisho lilinisumbua: asili yake ni kufukuza nje ya mipaka, lakini leo maana yake ni kuangamiza. Kwa hiyo kamusi ya kawaida sikuiweka kabatini. Asili naisoma kwanza, maana ya leo naihakikisha baadaye.

Ukurasa wa lib ulikuwa mwepesi. Liber moja ni kitabu, ndiyo iliyozaa library. Nyingine, yenye i ndefu, ni huru, ikazaa liberty. Libra ni mizani, pia ratili, na ile £ ya pauni ni herufi yake ya kwanza.

Kilichonisaidia zaidi ni Kiswahili chenyewe. Kitabu, katibu na maktaba ni ndugu, wote wa shina moja la Kiarabu. Lakini tabu, ingawa imekaa ndani ya kitabu, si jamaa yao. Imetokana na neno jingine kabisa la Kiarabu. (Wanafunzi wakati wa mitihani watabisha.) Nikiona maneno ya Kiingereza yamefanana, najiuliza kwanza: haya ni katibu na kitabu, au ni kitabu na tabu?

Sasa niko kwenye port. Portus ni bandari, portare ni kubeba, ndiyo import na export. Opportunity, yaani fursa, nilidhani iko upande wa mizigo. Kumbe ni ya bandari: Warumi waliita opportunus upepo unaokisukuma chombo kuelekea bandarini. Hilo sikuhitaji kulikariri. Nimezaliwa Tanga, nimeona manahodha wakisubiri upepo.