Sindano Isiyo na Dawa

Nilipoambiwa nilale kifudifudi nidungwe sindano za shingo, kitu cha kwanza nilichouliza ni dawa gani iliyomo. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya misuli na viungo, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alitabasamu akanionyesha moja ikiwa bado kwenye karatasi yake. "Haina dawa, mama. Haina hata tundu la kupitishia dawa." Niliitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa nyembamba kuliko ile ninayoshonea weavu saluni, na ukiigusa ncha yake kwa pembeni inapinda.

Ilikuwa Desemba 2022, mwaka mmoja tangu Nakuru itangazwe jiji, ingawa mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa haijapata habari hiyo. Desemba kwa msusi ndiyo msimu. Watu wanaenda ushago na hakuna anayetaka kufika na nywele za Novemba. Unasimama tangu asubuhi, shingo imeinama, mikono iko juu, draya inavuma, relaksa inanuka, na jua la mchana linapiga kioo linakurudia usoni. Sijui ni nani aliyenidanganya kwamba hii ni kazi ya mtu mwenye kipandauso.

Changu huanzia machoni. Siku hiyo nilikuwa nikimgawa mteja nywele kwa chanuo la mkia, njia ikanyooka vizuri kutoka kwenye paji la uso, halafu ilipofika utosini ikakatika. Nywele zilikuwapo, jicho ndilo lililokataa. Mahali pa njia palikuwa na mng'aro wa zigizaga unaochezacheza na kupanuka polepole kuelekea pembeni. Nikajua nimebakiwa na muda mfupi tu kabla nusu ya kichwa kuanza kugonga na tumbo kuchafuka. Mwenzangu akapokea kichwa cha mteja, mimi nikaenda kulala chumba cha nyuma na taulo machoni. Mteja hakukasirika. Alipokuwa akitoka alichungulia mlangoni, akaniambia kuna fizio anayemtibu dada yake kwa sindano za shingo.

Kwetu, upande wa Kakamega, kichwa cha namna hii kina dawa yake. Nyanya yangu alikuwa na makovu madogo ya chale kwenye panja zote mbili, na mama aliposikia kwamba nimelala tena alipiga simu kuniuliza ninangoja nini, si niende nikachanjwe damu mbaya itoke. Kwa hiyo wazo la chuma kuingia mwilini kwa sababu ya kichwa halikuwa geni kwangu. Nilichotaka kujua ni kama huyu wa mjini alijua anachofanya. Leseni yake ya Baraza la Fiziotherapia la Kenya ilikuwa imebandikwa ukutani, nami nikaisoma yote, hadi tarehe.

Nilidhani atanidunga mara moja. Badala yake aliniuliza maswali mpaka nikachoka. Maumivu hukaa upande mmoja au yanahama? Mwanga unakuudhi? Mikono hufa ganzi? Dawa za maumivu unameza siku ngapi kwa mwezi? Hilo la mwisho alilirudia, kwa sababu, alisema, vidonge vya kawaida vikifika siku 15 kwa mwezi, au 10 kwa vile vilivyochanganywa dawa zaidi ya moja, vyenyewe vinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa.

Kisha akanishika bega, ule mnofu ulio kati ya shingo na bega, akaubana kwa vidole viwili na kuuviringisha mpaka akapata uzi mgumu ndani yake. Akaukandamiza. Maumivu hayakuja begani. Yalipanda ubavuni mwa shingo, yakapita nyuma ya sikio, yakatua kwenye panja ya kulia na nyuma ya jicho, palepale ninapopajua. Nilinyanyua mkono nikajishika usoni. Kidole cha mtu kiko begani, na jicho ndilo linalouma!

Alinieleza kwamba neva za juu za shingo na neva kubwa ya uso hupeleka taarifa mahali pamoja kwenye shina la ubongo, kama matatu za Njoro na za Bahati zikishusha abiria stendi moja, mtu akiwa pale hawezi kujua nani katoka wapi. Ramani za vifundo vya misuli kama kile changu, na mahali maumivu yake yanapotua, alizieneza sana Janet Travell, daktari wa Rais Kennedy wa Marekani. Yeye na wenzake walikuwa wakividunga dawa. Mwaka 1979 daktari wa Chekoslovakia, Karel Lewit, akaandika kwamba nafuu inaweza kuletwa na sindano yenyewe, hata pasipo dawa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini kijana, na si kwa sababu ya Kennedy. Ni kwa sababu aliongeza, bila kuulizwa, kwamba utafiti juu ya kipandauso bado ni mdogo, na kwamba shingo ya mgonjwa wa kipandauso mara nyingi hukakamaa kwa sababu shambulio lenyewe limeshaanza. "Sisemi nitakuponya kichwa. Nitakulegezea shingo, tuone kitakachobaki."

Alivaa glavu, akafuta ngozi kwa spiriti. Ule mnofu aliuinua juu kwa vidole na kuushikilia hivyo, maana chini yake ndipo ilipo ncha ya pafu, na sindano ikipotea njia hapo inaweza kulitoboa. Ilipoingia sikuisikia. Akaisukuma mbele kidogo, akairudisha, akaisukuma tena, na msuli ukaruka. Uliruka wenyewe, mara moja, kwa nguvu, nami sikuwa nimeuamuru. "Ndiyo huo," akasema, kwa furaha ya mvuvi. Akaendelea hadi kwenye ukosi, chini kabisa ya kisogo, na huko nilitokwa na jasho na kumwomba asimame. Alisimama. Sindano zikaenda kwenye kisanduku cha manjano, sikuona hata tone la damu.

Mama alipopiga jioni aliuliza damu ilikuwa ya rangi gani. Nilipomwambia haikutoka, alinyamaza, kisha akauliza nimelipa pesa ngapi. Nilipomtajia akanyamaza tena.

Usiku huo bega liliuma mithili ya mtu aliyebeba maji kutwa, na kesho yake sikuweza kuinua mkono kushika draya. Baada ya hapo nikaanza kugeuza kichwa pande zote mbili. Yale maumivu ya kila jioni, yanayotambaa kutoka ukosini, yakaisha kabisa. Lakini Januari mng'aro wa zigizaga ulirudi na kichwa kikagonga nusu, kichafu vilevile. Tofauti ni kwamba shingo ilikuwa imetulia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nilikuwa na magonjwa mawili, nikiyaita jina moja.

Nilipomweleza fizio, hakufungua sindano. Aliandika barua niende nayo hospitali, na huko waliniuliza kwanza kama nina pumu, kisha wakaniandikia propranololi, dawa ya kuzuia kipandauso ambayo haimfai mwenye pumu, ya kumeza kila siku. Kwa upande wake yeye alitaka kujua urefu wa kiti cha saluni. Sikuwa nimewahi kukipima. Kilikuwa kifupi mno, ndiyo maana siku nzima nainama. Siku hizi wateja wangu wanakalia mito miwili. Wafupi wanafurahi. Warefu wanalalamika kwamba magoti yanagonga meza ya kioo, nami nawaambia wavumilie au waende kwa jirani.