Kozi ya tiba shufaa kwa simu
Jamani nimemaliza kozi ya mtandaoni ya tiba shufaa (kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mkubwa), nasomea hapa hapa Makorora, Tanga, nikitoka naiti, bando linakata katikati ya somo nakimbilia dukani na jero. Kilichonikaa ni mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, inatolewa kila baada ya masaa 4 hata maumivu hayajarudi, na dawa ya kulainisha choo pamoja, mi miaka yote nangoja mgonjwa alalamike ndo nimpe (aibu kweli). Halafu Cicely Saunders, yule daktari Mwingereza aliyefungua hospisi (nyumba ya kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) London 1967, alifundisha maumivu sio ya mwili tu. Juzi nikamuuliza bibi mmoja wa kansa, bibi, nini kinakusumbua zaidi? Akanambia, mjukuu wangu, mkeka wangu umebaki kili mbili tu (vile vipande vya kusuka), nani atanimalizia kuushona.