Haja Niliyokwenda Nayo Kongowea

Tuliondoka Wundanyi saa kumi na moja alfajiri, siku ya Alhamisi, katikati ya mwezi wa Juni, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba utingo alilazimika kushuka mara mbili kumwongoza dereva kwenye kona za kuteremkia Mwatate. Katika mfuko wa shati nilikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Humo nilikuwa nimeandika yote niliyoyakusudia: kilemba cha kibanda katika soko la Kongowea, yaani malipo ya kukabidhiwa kibanda chenyewe, kodi ya miezi mitatu ya kwanza, gharama ya kusafirisha magunia ya karoti na kabichi kutoka milimani kwetu hadi Mombasa, ujira wa wapagazi, na chini kabisa, imepigiwa mistari miwili, jumla ya shilingi 180,000 ambazo chama chetu cha akiba kilikuwa kimekubali kunikopesha.

Karatasi hiyo nilikuwa nimeiombea kwa miezi mitatu. Kila usiku, baada ya watoto kulala, nilipiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Bwana, ibariki mipango ya mtumishi wako." Ilikuwa sala fupi, safi, wala haikunitoa jasho. Nikiitazama sasa, naona kwamba nilimwendea Mungu jinsi karani anavyomwendea mkubwa wake na barua iliyokwisha kupigwa chapa, ambayo haikosi kitu ila muhuri.

Voi nilibadilisha gari na kupata kiti nyuma ya dereva, karibu na mama mmoja mtu mzima wa Mombasa, aliyevaa buibui na kupakata mkoba wa ukindu. Alikuwa anarudi nyumbani baada ya kumuuguza binti yake aliyejifungua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hatujafika Maungu alikuwa amekwisha kujua jina la kijiji chetu, idadi ya watoto wangu na bei ya kabichi shambani. Upande wa kulia ulionekana mlima wa Kasigau, umesimama peke yake nyikani. Ndio ule ambao wazee waliuita Kadiaro, na ambao mmisionari Johannes Rebmann aliufikia kwa miguu mwaka 1847 akitokea Rabai. Nilimweleza mama habari hiyo kwa majivuno ya mwenyeji, naye akaniuliza kwa upole kama mimi pia ninakwenda Mombasa kuhubiri.

Nikacheka, nikamtolea karatasi yangu. Aliisoma yote, hata hesabu za chini. Nikamwambia, "Nimekwisha kuliombea jambo hili, mama. Sasa nangoja Mungu afungue mlango."

"Uliomba ukasemaje?" akauliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mchungaji wetu aliniuliza kama nimeomba. Mke wangu aliniuliza kama nimeomba na tena kama nimefunga. Lakini maneno yenyewe niliyoyatamka mbele za Mungu hakuna aliyetaka kuyasikia, na nilipoyarudia mbele ya mama yule yalisikika membamba mno.

Tulikuwa tumekaribia Mackinnon Road. Pale kandokando ya reli upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa mmoja wa wafanyakazi walioijenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Husimuliwa kwamba alipokuwa akibeba karai la mchanga, karai lilielea juu bila kugusa kichwa chake. Wasafiri wengi, Waislamu na wasio Waislamu, husimama hapo kumwomba Mungu usalama wa njia. Dereva wetu, aliyening'iniza rozari kwenye kioo chake, aliegesha gari bila kuombwa na mtu, akavuka barabara na sarafu mkononi. Mama alishuka, akainua viganja kwa dakika chache, akarudi.

Gari lilipong'oa nanga, aliendelea kana kwamba hatukukatizwa. "Sikiza, mwanangu. Sisi tunayo sala ya istikhara. Ni rakaa mbili za sunna, kisha dua. Mtume aliwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyowafundisha sura ya Kurani. Katika dua hiyo wamwambia Mola: wewe waweza nami siwezi, wewe wajua nami sijui. Ikiwa jambo hili lina heri nami katika dini yangu na maisha yangu na mwisho wangu, nikadirie na unisahilishie. Na ikiwa lina shari, liepushe nami, nami niepushe nalo, na unikadirie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo."

Nilimwomba arudie kile kipande cha kuepushwa. Kumbe yamo maombi mawili. Kuondolewa jambo ni moja, na kuondolewa wewe mwenyewe, moyo wako, usibaki ukilichungulia jambo lililokwisha kupita, ni jingine. Sala zangu za miezi mitatu hazikuwa na lolote kati ya hayo mawili.

"Na ndani ya dua hiyo," akasema, "pana mahali pa kuitaja haja yako kwa jina lake. Hapo ndipo watu wajifichapo. Mtu ataka kuoa mke wa pili, yeye ataja safari." Akacheka hadi utingo akageuka. Kisha akawasema wale ambao wakimaliza istikhara hulala wakingoja ndoto ya rangi nyeupe au kijani. Yeye alifundishwa na marehemu mumewe kwamba ukishaomba, shauriana na watu wenye busara, kisha inuka uende, na njia yenyewe itakuonyesha kama ni nyepesi au nzito.

Kutoka Taru hadi Mariakani sikusema sana. Nilijaribu kuitaja haja yangu kwa jina, kimyakimya, na kila mara nilianza na kibanda na kuona kwamba kibanda si haja. Haja ilikuwa kaka yangu mkubwa. Tangu baba afariki, yeye ndiye mshika daftari la shamba. Desemba iliyopita, mbele ya wajomba na wake zetu, nilipouliza fedha za karoti zimekwenda wapi, alinijibu, "Wewe lima, hesabu niachie mimi." Watu wakacheka kidogo, mimi pia nikacheka, na tangu usiku ule nilianza kuiandika ile karatasi. Nilichokitaka, nikisema kweli, kilikuwa siku moja ambapo kaka angeshuka Kongowea na gunia zake, akanikuta nimekaa kibandani, kalamu nyuma ya sikio, akalazimika kuniuliza bei.

Waraka wa Yakobo, sura ya nne, una maneno ambayo ungedhani yaliandikwa kwa ajili ya abiria wa barabara ile: wapo wasemao leo au kesho tutaingia katika mji fulani, tukae humo mwaka mzima, tufanye biashara na kupata faida, na hali hawajui yatakayokuwako kesho. Dawa aitoayo Yakobo ni kusema "Bwana akipenda," na maneno hayo nilikuwa nikiyasema kwa wingi. Ila sura hiyohiyo huanza kwa kuuliza vita vyatoka wapi kati yenu, na kabla ya kuufikia mji ule wa biashara husema kwamba watu huomba wasipate kwa sababu waomba vibaya, ili wavitumie kwa tamaa zao. Nimeisoma sura hiyo kanisani zaidi ya mara moja, nikiwa msomaji wa zamu, na sikuwahi kuuona ugomvi wa ndugu na safari ya kibiashara kuwa ni habari moja.

Mama aliniaga Mwembe Tayari, akinitaka nimsalimie mke wangu ambaye hajawahi kumwona. Nikapanda matatu nyingine, nikavuka daraja la Nyali.

Shangazi yangu anaishi Freretown, mwendo mfupi kutoka Kengeleni, mahali palipopewa jina na kengele ya kale iliyokuwa ikipigwa kuwaonya wakazi hatari inapokuja. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Usiku, tulipokuwa tukila samaki wa kupaka, nilimwuliza kama anakumbuka jinsi babu alivyokuwa akifanya kutasa, ile ibada yetu ya jadi. Alishangaa, kwa kuwa nyumbani kwetu jambo hilo halitajwi tangu familia ibatizwe.

"Nakumbuka, baba," akasema. "Alichukua funda la maji au pombe ya miwa, akatamka hasira zote alizokuwa nazo, akalipuliza nje. Bila hivyo hakuomba mvua wala mtoto. Alisema mtu mwenye kinyongo akiomba, baraka hukwama kooni."

Saa kumi alfajiri nilikuwa sokoni. Malori yalikuwa yamekwisha kuingia usiku, na watu wa mikokoteni walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia kati ya kreti za nyanya na vilima vya kabichi, nyingine zikiwa, nina hakika, zimetoka milimani kwetu. Dalali niliyezungumza naye kwa simu alinionyesha kibanda. Kilikuwa chembamba kuliko maelezo yake, lakini kilikuwa penye njia ya wanunuzi. Kilemba, ambacho kwenye simu kilikuwa shilingi 120,000, sasa kilikuwa 150,000, na alikuwapo mtu mwingine anayekitaka.

"Wachukua au huchukui?" akauliza.

Nehemia alipoulizwa na mfalme haja yake ni nini, kitabu chasema kwamba alimwomba Mungu wa mbinguni kwanza, kisha akamjibu mfalme, na yote hayo yalitendeka akiwa amesimama palepale. Mimi nilipata nafasi kama hiyo kati ya swali na jibu, na neno pekee lililonijia lilikuwa "nisaidie." Nikamwambia dalali anipe hadi adhuhuri.

Nilikodi tuktuk hadi Mkomani, kando ya maji yanayotazamana na Mji wa Kale, palipo mnara wa ukumbusho wa Krapf na kaburi la mkewe. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na mpango wake mwenyewe. Alikuwa ametoka Uhabeshi, nia yake ikiwa kuwafikia Waoromo, na Mombasa kwake ilikuwa mlango tu wa kupitia. Tarehe 13 Julai mwaka uleule mkewe Rosina akafariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto wa kike akamfuata mamaye, baba naye akiwa hoi kitandani. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi iliyokwisha kuanza. Waoromo hakuwafikia kwa namna aliyoitaka. Katika kungoja alijifunza Kiswahili, akachapisha sarufi yake mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Aliomba Waoromo, mikononi ikabaki kamusi. Sisemi kwamba Mungu alimbadilishia haja kwa makusudi, kwani sijui habari za Mungu kiasi hicho, na sidhani kwamba kitabu ni malipo ya mke na mtoto. Nasema tu kwamba alimwambia Mungu wazi alichokuwa akikitaka, akaendelea kumwambia hata kilipokataa, na barua zake hazikuficha machozi.

Palikuwa na utulivu. Nilikuwa nimenunua dafu njiani. Nikaikunjua karatasi yangu juu ya nyasi, kama mfalme Hezekia alivyoukunjua waraka wa maadui mbele za Bwana, nikaiwekea jiwe isipeperuke. Nikamwambia Mungu: Nataka kibanda hiki ili kaka yangu aone haya. Namwonea wivu kwa sababu baba alimwamini. Nataka pia wanangu wasome bila kungoja daftari lake, na haja hii naipenda zaidi, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyoniamsha usiku. Zote mbili hizi hapa. Ikiwa kibanda kina heri, kifanye chepesi. Ikiwa hakina, kiondoe, na mimi uniondoe kwake.

Kisha nikachukua funda la maji ya dafu, nikamtaja kaka kwa jina lake, nikayapuliza nje kwa nguvu. Mchungaji wetu akiyasoma haya atanisamehe, au ataniita ofisini. Mlinzi aliyekuwa chini ya mti alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama dafu limeharibika.

Sikuota chochote wala sikusikia sauti. Ng'ambo ya maji adhana ya Ijumaa ilianza kuitwa, msikiti mmoja baada ya mwingine, na nikajua kwamba dalali wangu amekwenda kuswali na kwamba muda wangu umeongezeka kwa saa nzima. Nikatoa simu. Kaka alipokea haraka, na nyuma ya sauti yake niliisikia ile mashine ya kunyunyizia karoti.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Kaka, kuna jambo sikukwambia nilipoondoka. Lilianza Desemba."

Alikaa kimya, mashine ikiendelea kunguruma.

"Ngoja nizime pampu," akasema. "Nikusikie vizuri."