Seva ya Minecraft nyumbani bila kuanika anwani ya nyumbani

Nilifungua poti 25565, mlango unaotumiwa na Minecraft, kwenye ruta, nikawagawia watu anwani, nikajiona fundi. Siku chache tu, kumbukumbu za seva zikajaa majina nisiyoyajua yakibisha hodi usiku kucha. Kisha mchezaji niliyemfungia akaifurikisha laini yetu kwa data. Nyumba nzima ikakosa intaneti, na dada yangu alikuwa katikati ya mtihani. Maneno niliyoambiwa siku hiyo nayaacha.

Poti nikaifunga. Nikakodi seva ndogo ya mtandaoni, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa WireGuard, programu inayojenga njia ya siri kati ya kompyuta mbili: nyumbani ndiko kunakoanzisha mawasiliano, kwa hiyo ruta haiachi mlango wazi. Wachezaji wanaiona anwani ya kukodi tu. Ruta nikaizima hadi ikapewa anwani mpya, maana ya zamani ilishajulikana.

Kilichonitoa jasho ni hiki: wachezaji wakitoka, dakika chache baadaye njia inakufa. Kumbe ruta huisahau ikikaa kimya. Mstari mmoja kwenye mipangilio ya WireGuard, PersistentKeepalive = 25, ukamaliza kazi; sasa njia inakohoa kila sekunde 25 ili isisahaulike.

Seva inaendeshwa na akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi. Online-mode (ukaguzi wa kwamba mchezaji ana akaunti iliyonunuliwa) sijaizima, ingawa wasionunua mchezo wameninunia.