Tumbo la Jumatatu asubuhi

Kuna mtoto anaumwa tumbo kila siku ya shule, afu likizo ikifika mzima kabisa, anaruka tu. Wengi tunasema anadeka. Jamani, mara nyingi tumbo linauma kweli, mwili ukiwa na hofu unamwaga adrenalini (homoni ya kuushtua mwili), moyo unakimbia na tumbo linavurugika, kwa hiyo ukimwambia "huumwi wewe" unamwongezea tu mzigo.

Kwa matineja hofu hii, yaani wasiwasi uliozidi, ndo inajificha zaidi, hasira za ghafla, kulala saa nane usiku, insha ileile anafuta anaandika upya mpaka karatasi inatoboka. Tunaita kiburi.

Ishu ni kwamba ukimruhusu akwepe kila anachoogopa, leo anapata nafuu ila kesho hofu imekua, maana hajapata nafasi ya kuona kwamba angeweza. Kumsukuma kwa nguvu nako hapana. Anza kidogo kidogo, anaogopa kuongea darasani basi asome mbele yako kwanza, kisha mbele ya rafiki mmoja, halafu ajibu swali moja tu kwa ticha. Na mwambie "naona unaogopa, na najua utaweza", zote mbili kwa pamoja, siyo moja.

Marekani tangu 2022 jopo la wataalamu linashauri watoto wa miaka 8 hadi 18 wapimwe wasiwasi hata kama hawana dalili. Ikishafika anakataa shule wiki kadhaa, hataki kula vizuri au anaongelea kujiumiza, usisubiri, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha.